Dunia inaiacha karatasi, mbona rimu haishuki bei?

SWALI: Shikamoo. Nina duka la steshenari na uchapaji mdogo hapa Moshi mjini: fotokopi, kubaindi, vitabu vya risiti, kadi na vipeperushi. Kila mtu ananiambia karatasi inakufa kwa sababu ya simu, na kweli kazi za kadi zimepungua sana. Lakini rimu ya A4 haishuki bei, na ikiamua kupanda haina adabu. Nimepata nafasi ya mkopo. Najiuliza ninunue rimu nyingi sasa niziuze Januari shule zikifunguliwa, au ninunue mashine ya vikombe vya karatasi au ya mifuko. Na hivi sisi wenye misitu na miwa yote hii ya kiwanda cha sukari cha TPC, kwa nini hatutengenezi karatasi wenyewe? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mkopo maana ndio wenye haraka: usiuchukue kwa ajili ya kurundika rimu. Vikombe navyo simo. Mifuko na maboksi tutaongea, tena kwa kirefu. Ila sitaki unitii kwa sababu tu nimekaa kwenye biashara ya kuagiza karatasi Arusha kwa miaka mingi. Nataka uone pesa ya rimu moja inavyotembea mpaka ikufikie kaunta.

Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa sababu karatasi 16 za A4 zinatimiza mita moja ya mraba. Rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu, boksi la rimu tano ni kilo 12 na nusu, na tani moja ni rimu 400. Ishike hiyo 400. Habari yoyote ya soko la dunia, ambayo siku zote husemwa kwa dola na kwa tani, utaigawa kwa 400, uzidishe kwa bei ya dola siku hiyo, na kujua inakuhusu kwa shilingi ngapi.

Karatasi inatengenezwa kwa palpu, yaani rojo ya nyuzi za mti inayokaushwa na kuuzwa kwa marobota. Bwana wa soko la palpu ya nyuzi fupi, ile ya mkaratusi, ni Brazil. Kule mkaratusi unavunwa ukiwa na miaka sita au saba, wakati misindano ya Finland inasubiriwa kwa miongo kadhaa. Kampuni ya Suzano, iliyoungana na Fibria mwaka 2019, ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa palpu hiyo, na mwaka 2024 ilifungua kiwanda kimoja kule Ribas do Rio Pardo chenye uwezo wa tani milioni 2.55 kwa mwaka. Uruguay nako, kiwanda cha UPM cha Paso de los Toros kilianza mwaka 2023 kwa uwezo wa tani milioni 2.1. Viwanda vya ukubwa huo vikiingia sokoni, bei inayumba. Bei ya orodha ya palpu ya mkaratusi Ulaya ilikuwa karibu dola 1,380 kwa tani mwishoni mwa 2022, ikaporomoka hadi kwenye 800 katikati ya 2023, ikapanda tena kupita 1,400 katikati ya 2024, na mwaka huo ukaisha ikiwa karibu 1,000.

Ukisoma namba hizo unaweza kudhani ndizo zinazokutesa. Tupige hesabu. Tani ya karatasi ya fotokopi haina tani nzima ya palpu ndani yake; sehemu ni unga wa chokaa unaoipa weupe, na unyevu kidogo. Tuseme palpu ni robo tatu. Palpu ikipanda dola 200 kwa tani, karatasi inabeba dola 150 za ongezeko hilo. Gawa kwa 400: senti 37 na nusu za dola kwa rimu. Dola ikiwa shilingi 2,700, hiyo ni kama shilingi elfu moja.

Sasa weka palpu pembeni, tuiguse shilingi yetu. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushee. Kufika Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Tuseme rimu imefika bandarini kwa dola 2.75, ambayo ni sawa na dola 1,100 kwa tani. Kwa 2,300 rimu hiyo ni shilingi 6,325. Kwa 2,700 ni shilingi 7,425. Zimeongezeka shilingi 1,100 bila kiwanda chochote duniani kugusa bei yake, na ushuru na VAT vinahesabiwa juu ya thamani hiyo iliyokwisha kuvimba. Kisha Desemba ya 2024 shilingi ikajirudi mpaka karibu na 2,400 ndani ya wiki chache. Fikiria mtu aliyejaza stoo kwa mkopo mwezi Oktoba.

Nauli ya meli ndiyo ya tatu. Kontena la futi ishirini linabeba karatasi tani ishirini hivi, yaani rimu 8,000. Nauli ikipanda dola 4,000 kwa kontena, kama ilivyotokea kwenye njia nyingi mwaka 2021 na hata zaidi ya hapo, kila rimu imeongezewa nusu dola. Watu huniuliza, rimu zetu nyingi zinatoka Indonesia na nchi nyingine za Asia, zinavuka Bahari ya Hindi tu mpaka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu meli za Asia kwenda Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu, na safari ikiwa ndefu meli na makontena yanakuwa adimu kwa kila mtu. Anayelipa zaidi ndiye anayepewa kontena, na sisi si tunaolipa zaidi.

Kwa hiyo pale muuzaji wa jumla anapokuambia "bei ya dunia imepanda", muulize kipi kimepanda. Akitaja palpu wakati dola ndiyo iliyosogea, anakuuzia hadithi.

Turudi kwenye fumbo lako: watu wanaiacha karatasi, bei mbona haidondoki kama ya simu za zamani? Ni kweli wanaiacha, lakini si karatasi zote. Dunia inatengeneza karatasi na bodi zake kiasi cha tani milioni 400 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni za vifungashio: maboksi, kaki, bodi za paketi. Hizo zimekua, na biashara ya kununua vitu mtandaoni imezisukuma. Karatasi za chooni, tishu na leso zinakua pia, kwa sababu miji inakua. Kinachokufa ni karatasi ya kuandikwa na kusomwa. Ya magazeti imeshuka hadi chini ya nusu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa karne hii. Wewe mwenyewe unaiona pale Moshi: kadi ya mchango wa harusi siku hizi inaingia kwenye simu ikiwa na jina la mualikwa, na mlangoni wanaskani. Zabuni za serikali nazo tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na yale makabrasha ya kubaindi nakala nne nne yamekwenda nayo.

Ila mashine ya karatasi haijui kupunguza mwendo. Imejengwa izunguke usiku na mchana. Ikizunguka nusu, inakula hasara, kwa sababu mvuke, umeme na watu wake hawapungui nusu. Mwenye kiwanda akiona wateja wanapungua anavumilia mwaka, anavumilia miwili, halafu siku moja anaifunga kabisa au anaigeuza. Stora Enso kule Oulu, Finland, waliacha karatasi ya kuchapia mwaka 2020, na mwanzoni mwa 2021 kiwanda hicho hicho kikaanza kutoa kaki ya maboksi. Mwaka huo huo wa 2021 kampuni hiyo ilifunga viwanda vya karatasi vya Veitsiluoto na Kvarnsveden. Mahitaji yanapungua tone kwa tone, uzalishaji unapungua kiwanda kizima kwa mpigo. Kila kiwanda kinapoondoka, waliobaki wanapumua na kupandisha bei, ingawa soko zima linasinyaa.

Mwaka 2022 ulikuwa darasa zuri la jambo hili. Viwanda vilikuwa vimefungwa, wateja wa baada ya Korona wakarudi ghafla, wafanyakazi wa UPM Finland wakagoma kuanzia Januari hadi Aprili, vita ya Ukraine ikakata mbao za Urusi zilizokuwa zikienda Finland, na gesi ya Ulaya ikapanda mpaka baadhi ya viwanda vikawa vinasimama siku kadhaa kwa sababu kuzalisha kulikuwa ghali kuliko kulala. Wanunuzi wa Ulaya wakageukia Asia. Asia ndiko tunakonunua sisi.

Kwa hiyo tarajia hivi kwa A4 yako: vipindi virefu vya bei kulegea kidogo, halafu mruko wa ghafla ambao hakuna mtu wa Moshi, wala wa Arusha, atakayeuona ukija. Mtu asikwambie anajua Januari itakuwaje.

Ndiyo maana mkopo wa kurundika siutaki. Tuseme unanunua rimu kwa shilingi 12,000 na mkopo wako ni asilimia 3 kwa mwezi, ambayo kwa wakopeshaji wadogo si ya ajabu. Miezi sita ni asilimia 18, shilingi 2,160 kwa kila rimu. Bei isipopanda zaidi ya hapo, umefanya kazi ya benki. Halafu kuna stoo yenyewe. Karatasi inakunywa unyevu. Masika ikikukuta na maboksi yaliyolala kwenye sakafu ya saruji, yameegemea ukuta, utaona kingo za rimu zimefanya mawimbi, na fotokopi itazitafuna mbilimbili siku nzima. Mchwa sina haja ya kukueleza. Kama una pesa yako mwenyewe, nunua Novemba kiasi ambacho wateja wako wa kudumu hununua Januari, kipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue karatasi iliyoifunga rimu mpaka siku ya kuitumia.

Jambo moja linaokoa pesa kuliko stoo yoyote, nalo ni profoma. Shule inakuomba bei Oktoba, inakuletea oda Januari, na wewe unaona aibu kubadilisha. Andika chini kabisa kwamba bei ni halali kwa siku 14. Kwa kazi kubwa ongeza kwamba imekokotolewa kwa dola ya shilingi kadhaa, na dola ikisogea mtakaa tena. Mhasibu wa shule atanuna kidogo. Atazoea.

Sasa mashine. Vikombe nimevikataa kwa sababu bodi yake ina utando wa plastiki ndani ili chai isipenye, na bodi hiyo inaagizwa nje kwa dola ile ile. Mashine inataka umeme usiokatika, inataka ujazo mkubwa, na bidhaa yako itafanana kabisa na ya mwenzako aliyeleta kontena zima la vikombe tayari. Utabaki kushindana kwa shilingi kumi kumi.

Mifuko inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi tuliamini soko lote litahamia kwenye kaki. Lililohamia ni dogo. Nafasi kubwa ilichukuliwa na ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, ambayo nayo imetokana na plastiki, lakini inastahimili maji na inabeba kilo za nyanya. Mfuko wa kaki ukilowa umekwisha. Kwa hiyo usiulenge soko la Mbuyuni, lenga mahali ambapo mzigo ni mwepesi na mkavu na mwenye duka anataka jina lake lionekane: maduka ya dawa, mikate, kahawa ya kusagwa, zawadi za watalii.

Nikiwa mimi ndiye mwenye gilotini (mashine ya kukatia karatasi) na printa zako, ningekwenda kwenye maboksi madogo ya oda fupi. Sisemi maboksi ya parachichi ya kilo 4 yanayopanda meli. Yale yana viwanda vyake, na boksi la kukaa chumba cha baridi wiki tatu linahitaji kaki ya nyuzi mpya ndefu, la sivyo unyevu unalilainisha na yaliyo chini yanabonyea. Nasema boksi la asali, la sabuni, la viungo, la kahawa ya gramu 250, na boksi za chakula cha mchana zinazochukuliwa na kampuni za safari na za kupandisha watalii mlimani. Mteja wa namna hiyo anataka boksi mia tatu zenye nembo yake, anazitaka Ijumaa, na kiwanda kikubwa hakimpokei kwa sababu ya uchache. Hapo ndipo wewe unaweza kutaja bei yako. Unachohitaji ni mashine ya mkono ya kukata kwa umbo na kutia mikunjo, dai, yaani vibao vyenye visu vya umbo la boksi, zilizotengenezwa na fundi anayejua kupinda visu vizuri, na mikono miwili mitatu ya kugundisha. Anza kwa kuchukua oda na kumpa kazi ya kukata mwenye mashine Arusha. Oda zikishajaa kiasi cha kukuchelewesha, ndipo mkopo wa mashine utakuwa na maana, na benki utawapelekea oda hizo mkononi.

Jifunze kusoma bodi kabla hujainunua. Chana kona. Ikiwa uso ni mweupe na ndani ni kijivu chenye vinyuzi vifupi vinavyokatika kama keki, hiyo ni ya karatasi iliyorudiwa; ni rahisi bei na inafaa sabuni na asali iliyo ndani ya chupa. Ikichanika kwa ubishi, ikaacha nyuzi ndefu, ni ya mti mpya. Kwa boksi la chakula chenye mafuta usiweke kuku wa kukaanga moja kwa moja juu ya bodi ya kijivu. Karatasi iliyorudiwa hubeba mabaki ya mafuta ya wino wa zamani, na mafuta ya chakula huyavuta. Tumia bodi ya nyuzi mpya au weka ndani karatasi isiyopitisha mafuta, na ukaulize TBS masharti ya vifungashio vya chakula kabla hujachapa chochote.

Usidhani vifungashio havina misukosuko yake. Wakubwa wanaungana: Smurfit Kappa na WestRock wamekuwa kampuni moja tangu Julai 2024, na International Paper ilimaliza kuinunua DS Smith mwanzoni mwa 2025. Wauzaji wakiwa wachache, mnunuzi mdogo anasubiri foleni. Umoja wa Ulaya una sheria ya bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu, ile ile inayowafanya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wapimiwe mashamba kwa GPS. Inagusa mbao na karatasi pia, na kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Kwako wewe leo haina uzito. Kwa mteja wako anayeuza kahawa Ulaya inao, na atapenda mchapaji anayejua bodi yake imetoka wapi.

Umeuliza kwa nini hatutengenezi wenyewe. Tunatengeneza. Mgololo, kule Mufindi, kuna kiwanda kilichojengwa miaka ya 1980 kwa uwezo wa tani 60,000 hivi kwa mwaka, kikiegemea misindano ya shamba la Sao Hill. Baada ya kubinafsishwa mwaka 2004 kikaitwa Mufindi Paper Mills, na kinatoa karatasi za kaki. Kiwanda kile cha Ribas do Rio Pardo nilichokitaja juu ni zaidi ya mara arobaini ya hicho. Ukubwa ndio unaoshusha gharama ya tani moja, na hapo ndipo ndoto za A4 ya nyumbani zinapokwama. Jirani zetu wa Webuye, Kenya, waliona kiwanda chao kikifungwa mwaka 2009, na mji ukadhoofika nacho. Misindano na misaipresi ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru/Usa inakwenda kwenye mbao za ujenzi, ambako mti unalipa vizuri kuliko ukisagwa. Makapi ya miwa yanafaa kweli kwa karatasi, India wanayatumia, lakini TPC wanayachoma kuzalisha mvuke na umeme wao wenyewe. Ukiyachukua kwa karatasi, itabidi uwaletee kuni nyingine.

Kinachowezekana huku kwetu ni chakavu, na hapa Wachina wametubadilishia dunia. China ilikuwa ikinunua karatasi chakavu za nje karibu tani milioni 30 kwa mwaka. Kuna bilionea wa kike, Zhang Yin, aliyeanza kwa kukusanya makaratasi ya Marekani na kuyapeleka kwao. Mwaka 2018 masharti ya usafi yakawa makali, takataka zisizidi nusu ya asilimia moja, na kuanzia Januari 2021 milango ikafungwa kabisa. Chakavu za dunia zikahamia India, Vietnam, Indonesia na Malaysia. Kwa kiwanda kidogo cha tishu au bodi hapa Afrika Mashariki, chakavu ya jirani inakuwa malighafi isiyohitaji meli.

Na wewe tayari unayo. Mabaki ya gilotini yako ni karatasi nyeupe isiyo na wino, daraja la juu kabisa la chakavu, na wenye maduka mengi wanayachanganya na maboksi na kuyauza kwa bei ya boksi, au wanayachoma. Weka viroba viwili, nyeupe peke yake na kaki peke yake. Gundi za kubaindi, karatasi za risiti za mashine ya EFD na zenye utando wa plastiki zisiingie kokote. Uza vikiwa vikavu, kwa mizani yako, na mnunuzi akitaka kukata kilo za unyevu mwambie apime mbele yako.